Mkono wa Kushoto wa Mwana

Mkurugenzi aliniomba niandike maneno mawili matatu kwa Kiingereza kabla sijarudisha funguo. Funguo nimerudisha. Maneno nayaandika kwa Kiswahili, kwa sababu siku hizi jikoni kwetu kituoni wapo Neema na Baraka kutoka Kongo, na yule dada wa Tanga anayeosha ndoo huku akiimba, nanyi ndio mnaoniuliza mambo ambayo hayamo katika kitabu cha taratibu. Mkurugenzi akitaka kujua nimeandika nini, mwambieni nimemsifu.

Vyeo sitavieleza. Nilipewa viwili, na kila kimoja kilinipunguzia saa za kukaa na wanyama kikaniongezea makaratasi. Nitaeleza yale ya mwanzo, na zaidi nitaeleza kosa nililofanya kwa mtoto mmoja, maana mmekuwa mkilisikia nusunusu na kila mtu akiongeza chumvi yake.

Kabla ya kituo nilikuwa katika nyumba ya kutunzia wazee, huko Arlington tunakoishi. Kazi yangu ilikuwa kuogesha, kulisha, na kuwageuza wagonjwa kitandani wasipate vidonda. Mume wangu Hamad alikuwa akiendesha teksi ya uwanja wa ndege. Mmoja wa wazee wangu alikuwa na binti aitwaye Loretta, mwanamke Mweusi wa Texas aliyestaafu ukunga, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata akikuomba chumvi. Alikuja kila siku kumwona mama yake, akakaa kitini akinitazama ninavyomlisha. Siku moja akasema, "Unalisha polepole, na unangoja mtu ameze. Nakutaka kazini kwangu." Nikadhani ana nyumba nyingine ya wazee.

Akanipakia kwenye pikapu yake, tukaenda kusini ya Fort Worth hadi shamba lililokuwa la ng'ombe, ambalo ndilo kituo chetu, naye ndiye aliyekuwa akikisimamia. Pale ndipo nilipoona orangutani, yule sokwe mwekundu wa misitu ya Asia, kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekaa juu ya jukwaa la mbao, mwekundu, mzito, amejifunika gunia kichwani kwa ajili ya jua. Aliteremsha gunia kidogo, akanitazama kutoka miguuni hadi kichwani, akajifunika tena. Orangutani wote pale walikuwa wametolewa majumbani mwa watu, kwenye maonyesho ya barabarani na kwenye sarakasi. Kazi ya kituo ilikuwa kuwafundisha tena kuwa orangutani, na walimu wenyewe, kama mnavyojua, ni watu.

Nyumbani Hamad alicheka mpaka akakaa chini.

"Mke wangu, umechoka kuogesha wazee, sasa wenda kuogesha nyani?"

"Si nyani."

"Kumbe nini?"

"Hata mimi bado sijajua," nikamwambia. "Nikijua nitakwambia."

Siku ya kwanza sikushika mnyama. Loretta alinipa kufuli. Asubuhi nzima nilifunga mlango, nikavuta kufuli, nikatazama, nikavuta tena, kisha nikasema kwa sauti "umefungwa" hata nikiwa peke yangu. Niliona ni upuuzi mpaka nilipoelezwa kwamba yule bibi wa gunia, aliyeitwa Gladys, alishawahi kuficha kipande cha waya shavuni siku mbili akingoja mtu asahau. Mchana nilichomwa sindano ya kupima kifua kikuu na nyingine za chanjo, maana mafua yetu yanaweza kumuua mtoto wa orangutani. Jioni Karanja, mhudumu Mkenya aliyekuwa akiishi Garland na kuendesha gari saa nzima kuja kazini, alinifundisha kuosha majani ya mforosadi.

"Mama, hapa matunda ni kidogo tu," akasema. "Watu hu-think hawa wanakula ndizi all day. Ukiwapea ndizi kila saa, meno inaisha na tumbo inakuwa kubwa kama yangu."

Vifaa vyetu havikuwa vya ajabu. Mipira ya zimamoto iliyochakaa tuliisuka ikawa vitanda vya kuning'inia. Tulikuwa na mzani wa jikoni, chupa za maziwa ya watoto, na ndoo za rangi tatu ambazo ole wako uzichanganye. Halafu lile fulana. Loretta alilishonea nyuzi nene za sufu, ndefu, kifuani na mgongoni, ili mtoto asiye na mama apate kitu cha kushikilia. Katika joto la Texas la mwezi wa nane, kuvaa fulana lile ni adhabu ambayo sijui nilikosa nini kuistahili.

Mwana aliletwa mwaka wangu wa pili, ndani ya kikapu cha kubebea paka. Alitoka katika nyumba moja nje ya Houston, ambako mwenyewe alikuwa akimpeleka kwenye sherehe za watoto apigwe nao picha. Alikuwa na umri wa kama mwaka na nusu. Alivishwa nepi iliyomchubua mapaja, kifua kilikuwa kinakoroma, na kwenye kifundo cha mkono wa kushoto palikuwa na kovu la mnyororo. Katika karatasi zake jina lake lilikuwa Princess. Mimi nikamwita Mwana, kama tunavyowaita watoto wa kike kwetu Unguja, na baada ya wiki hata daktari alikuwa akiandika Mwana.

Loretta alinikabidhi zamu ya mchana, saa kumi na mbili asubuhi hadi kumi na mbili jioni. Mtoto wa orangutani hawekwi chini. Msituni angekuwa juu ya mama yake miaka mingi, kwa hiyo nilipokuwa nafanya kazi yeye yuko kifuani, nilipokula yuko kifuani, na nilipokwenda chooni alilia nje ya mlango kwa sauti iliyofanya nijione mshenzi. Asubuhi nilimpokea kutoka kwa wa zamu ya usiku, nikambandua kidole kimoja kimoja kwenye fulana lake na kumbandika kwenye langu. Kwanza maziwa, kisha mzani. Kisha viazi vitamu vya kuchemsha, vikikatwa saizi ya kidole gumba. Saa mbili tulikwenda kwenye kamba. Mimi nilisimama chini na yeye alitakiwa apande, lakini kwa miezi alining'inia kwa mkono mmoja na miguu akinitazama mimi, si kamba. Alilala mchana. Alasiri tulitengeneza kiota, yaani nilijilaza kwenye kitanda cha mpira wa zimamoto, mimi mtu mzima mwenye magoti mabovu, nikavuta matawi na kuyakunja chini yangu huku nikimwonyesha. Aliyatoa matawi yangu moja moja na kuyatupa chini.

Ilipofika adhuhuri Loretta alimchukua ili niswali. Alilia siku kumi za kwanza. Baadaye alikubali kukaa pembeni ya mkeka, na kila niliposujudu aliinama mpaka shavu likagusa sakafu, apate kuuona uso wangu kwa chini. Nilijitahidi sana kuswali kwa utulivu. Siku nyingine nilishindwa, nikacheka, nikaanza upya. Nampenda mtoto yule hadi leo, na sioni haya kuandika hivyo katika karatasi ya kazi.

Sasa kosa langu. Siku za mwanzo, nilipomnyooshea kiazi, yeye alitoa mkono wowote uliokuwa karibu. Akitoa wa kushoto, mimi niliusukuma chini kwa vidole viwili, taratibu, nikasema, "Mkono wa kula!" na kungoja wa kulia. Sikukaa nikafikiri. Mama yangu alinifanyia hivyo, nami nilimfanyia binti yangu Rahma hivyo hivyo katika fleti ya Arlington mpaka akaacha. Mkono wangu ulifanya kazi yake wenyewe, kama unavyofunga kitasa ukitoka. Miguu sikuihukumu, maana sikuwahi kufundishwa lolote kuhusu kiumbe mwenye mikono minne. Mwezi haujaisha, Mwana hakuthubutu tena. Chakula kikitokea, mkono wa kushoto ulizama ndani ya nyuzi za fulana au nyuma ya mgongo, na wa kulia ukaja mbele kwa heshima zote. Nilijisifu kwa Hamad: "Ana adabu kuliko watoto wote wa mtaa huu." Kazini sikumwambia mtu, kwa sababu sikujua kwamba kuna jambo la kusema.

Wakati huo Gladys, yule bibi wa gunia, alianza kulibeba gunia lake kifuani. Alilipapasa na kulilaza. Loretta alinivuta pembeni akasema Gladys anataka mtoto, na hali hiyo huja na kupita, tukichelewa haitarudi. Mpango ukawa Mwana apate mama wa aina yake. Lakini mama wa orangutani hambebi mtoto kwa mikono. Anakwea zake, na mtoto ndiye anayeshika. Mtoto asiye na mikono miwili mizima ataanguka.

Hapo ndipo Daktari Amy, aliyekuwa daktari wetu wa wanyama, alipoanza kumpima Mwana mikono. Alimwekea zabibu upande wa kushoto, mtoto akajipinda na kuichukua kwa kulia. Akaiweka juu kushoto, akapata vilevile. Alimzuia mkono wa kulia kidogo, mtoto akalia na kuuficha wa kushoto. Mkono wenyewe ulikuwa umeanza kuwa mwembamba kuliko mwenzake. Daktari alilitazama lile kovu la mnyororo kwa muda, akaandika kwamba huenda mshipa wa fahamu begani umeumia. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na bakuli la zabibu, nikikubali kwa kichwa. Nilimlaani yule mtu wa Houston kwa lugha mbili.

Mtaalamu wa mishipa ya wanyama alipatikana Houston, akajitolea kumpima. Ilibidi mtoto alazwe usingizi kwa dawa. Daktari Amy hakutuficha: kwa kifua kama cha Mwana, dawa ile alikuwa anaiogopa. Wengi huamka, alisema. Na kama mshipa ungeonekana umekatika, Gladys angepewa gunia lake tu, na Mwana angekaa peke yake na sisi watu wa fulana, akikua kila siku mpaka isiwezekane tena kumbeba.

Tuliondoka alfajiri, Karanja akiendesha, Daktari mbele, mimi nyuma na Mwana kifuani. Hakutakiwa kula kitu tangu asubuhi. Tangu Corsicana hadi Huntsville alitia kidole chake mdomoni mwangu kutafuta kama nimeficha chakula. Tulifika saa tano. Kipimo kilikuwa saa tisa alasiri. Daktari akamchukua, akaniambia niende nikale chakula cha maana, kwa sababu mtoto akiamka nitambeba hadi usiku bila kumweka chini.

Wifi yangu Mwanakhamis, dada yake Hamad, alikuwa akiishi dakika kumi na tano kutoka hapo. Alikuwa amepika wali wa nazi, samaki wa kukaanga na mchicha, katandika mkeka sebuleni. Karanja alikaa chini kwa shida, akaomba kijiko, akapewa. Mjukuu wa wifi, Nasra, wa miaka minne, alikuwa katikati yetu. Mimi nilikuwa nauzungusha wali tu kwenye sahani.

"Nasra!" wifi akasema. "Mkono gani huo? Mkono wa kula!"

Mtoto aliuvuta mkono wa kushoto haraka, akauficha nyuma ya mgongo, ndani ya mkunjo wa gauni. Kidevu kikashuka. Kisha akatoa wa kulia, polepole, akinyanyua macho kumtazama bibi yake kama sasa yuko sawa.

Tonge likanitoka mkononi.

"Wifi, vipi? Mwiba?" Mwanakhamis akauliza.

"Karanja," nikasema, "inuka."

"Lakini sijamaliza, mama."

"Inuka, baba, nakuomba. Mtoto hana ugonjwa. Ni mimi."

Ndani ya gari nilimweleza. Karanja alipunguza mwendo.

"Wacha niulize vizuri," akasema. "Uli-train orangutani kula na right hand. Juu ya dini."

"Juu ya adabu."

"Na Daktari anajua?"

"Angejuaje? Hata mimi nimejua sasa hivi."

"Aki mama," akasema, na kukanyaga mafuta. "Watakufuta. Lakini heri wakufute wewe kuliko wampige hiyo sindano bure."

Njiani niliogopa kufukuzwa, ndiyo. Niliogopa zaidi kuambiwa nisimguse tena. Nilimfikiria mtu wa Houston na mnyororo wake, na jinsi nilivyomlaani, kumbe mkono ule mimi ndiye niliyeufunga, na bila hata mnyororo.

Daktari Amy alikuwa amekaa sakafuni, mtoto kajibandika kwenye fulana lake la nyuzi. Mwana aliponiona alilia na kunyoosha mkono wa kulia. Sikumchukua. Nilisimama mlangoni nikasema yote kwa Kiingereza changu, ambacho kikiingia woga hupoteza nusu ya maneno. Nilimwambia kwamba kwetu mkono wa kushoto una kazi nyingine, ya chooni, na mtoto akianza tu kula hufundishwa kutoutia chakulani. Nikamwambia kwamba vipimo vyake vyote vilikuwa vya chakula.

Daktari akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu sikujua kama nafanya kitu. Ni kama kupumua."

"Zuwena, nikimpa hata zabibu moja sasa, siwezi kumlaza tena leo. Mtaalamu ana siku moja tu. Kama umekosea, tumepoteza nafasi, na pengine Gladys pia."

"Najua."

"Una hakika?"

Nilitaka kusema inshallah, lakini nilijua kwamba Mmarekani akisikia inshallah hufikiri umekwepa. "Nina hakika," nikasema.

Alitazama saa ukutani. Ilikuwa saa nane na robo. Akafungua mfuko wa chakula, akatoa zabibu, akaiweka upande wa kushoto wa mtoto. Mtoto aliyekuwa hajala tangu jana aliitazama kama dhahabu. Akauficha mkono wa kushoto na kutoa wa kulia. Daktari akauzuia wa kulia. Mtoto akaangua kilio, na wa kushoto haukutoka.

"Inaonekana hawezi," Daktari akasema kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko hasira.

Nikakaa sakafuni mbele yao. Nikaomba zabibu. Sijui nani alinitia wazo lile. Nilikumbuka shavu lake sakafuni pembeni ya mkeka wangu, anavyonitazama. Nikanyanyua mkono wangu wa kushoto, mimi binti wa Mwalimu Fatuma wa chuo cha Kurani, niliyefika miaka arobaini na sita bila kuutia mkono ule mdomoni, nikaishika zabibu kwa vidole vya kushoto, juu, mbali, apate kuiona. Nikasema bismillahi, maana chakula ni chakula. Nikaila.

Mwana aliacha kulia. Alinitazama mdomo, akautazama mkono wangu wa kushoto, akanitazama tena usoni kwa mshangao ambao sitausahau. Nikala ya pili. Karanja nyuma yangu alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Nikaishika ya tatu kwa kushoto, sikuila, nikaipeleka juu ya kichwa chake upande ule ule.

Nyuzi za fulana la Daktari zikatikisika. Vikatoka vidole, kisha kiganja, kisha kovu. Mkono ukasimama hapo karibu na sikio lake, ukingoja usukumwe. Sikuusukuma. "Kula, mama," nikamwambia. "Kula, mwanangu." Mkono ukapanda wote, ukanyooka mpaka bega likafunguka, ukaichukua zabibu kutoka vidoleni mwangu bila hata kutetemeka.

Daktari alifunika mdomo. Kisha alimpa nyingine juu zaidi, na nyingine nyuma, na mtoto akazichukua zote kwa kushoto, huku baada ya kila moja akinigeukia kuhakikisha kwamba bado inaruhusiwa. Nililia mbele ya yule mtaalamu wa mishipa, aliyeingia wakati huo huo na glavu zake akauliza mgonjwa ni yupi.

Sikufukuzwa. Loretta alinisikiliza hadi mwisho, akasema katika ukunga wake wote hajawahi kumwona mtu akimlemaza mtoto kwa adabu njema, akaniambia kwamba adhabu yangu ni kuubomoa ukuta nilioujenga. Kwa hiyo kwa miezi mitatu nilikula kila kitu kituoni kwa mkono wa kushoto mbele ya Mwana: chapati, tambi, hata uji. Ikafika siku moja nyumbani nikaushika mkate kwa kushoto, Rahma akaniambia, "Mom! Wrong hand!" kwa furaha ya mtu aliyengoja miaka kumi. Mwana naye akaanza kupanda kamba kwa mikono miwili, na kwa hiyo akaanza pia kuiba miwani.

Ilipofika siku ya kumpeleka kwa Gladys, walikuwa wameshazoeana wiki kadhaa kwenye wavu. Loretta alifungua kilango. Mwana alikuwa kifuani mwangu. Nilimbandua kidole kimoja kimoja, na safari hii hakukuwa na fulana la mtu mwingine la kumbandika. Akakaa sakafuni katikati, akamtazama Gladys, akanitazama mimi. Gladys akaliweka gunia chini. Akanyanyua mkono wake mrefu na kuubakisha juu, ubavu ukiwa wazi. Mwana akaenda kwa kujikokota, akashika nywele kwa kulia, kisha kwa kushoto, na Gladys akakwea naye moja kwa moja hadi juu kabisa ya jukwaa, bila kumshika.

Hakuanguka.

Utaratibu unasema mlezi aondoke papo hapo asitazamwe. Niliondoka. Jikoni niliosha kabichi moja kwa nusu saa.

"Mama, hiyo kabichi imetakata," Karanja akasema.

"Niache niioshe."

Akafungua bomba la pili, akachukua kabichi yake, akaosha kando yangu.

Baada ya Mwana nililea wengine wanne, nanyi mnawajua kwa majina. Kila mmoja nilimlisha nikiwa nimeikalia tabia yangu. Loretta alifariki nikiwa na cheo cha kwanza, Daktari Amy akahamia mbali, Karanja bado anawafundisha kuosha majani. Na mimi kila mtumishi mpya aliyekuja nilimuuliza kwanza: kwenu mtoto hukatazwa nini? Mlidhani napiga soga. Nilikuwa natafuta makosa ambayo mtu hufanya bila kujua kwamba anafanya kitu.

Wiki iliyopita, siku yangu ya mwisho, nilikwenda kwenye uwanja wa wakubwa na bakuli la zabibu. Mwana sasa ni mwanamke kamili, mzito kuliko mimi, na hilo si jambo dogo. Alikuwa amening'inia kwa mguu mmoja. Baraka ni shahidi, alikuwa akimpa majani, naye anachukua kwa kushoto, kwa kulia, kwa mguu, kwa mdomo, hana habari. Ndipo akaniona. Akateremka hadi kwenye wavu, akakaa vizuri, akakunja miguu. Mkono wa kushoto ukaenda nyuma ya mgongo. Wa kulia ukapita kwenye tundu, kiganja wazi, ukanisubiri.

Miaka yote nimekuwa nikisahihisha kosa lile. Siku ile sikulisahihisha. Nilimwekea zabibu katika mkono wa kulia, moja baada ya moja, hadi bakuli likaisha.

Basi, siku mkimkuta ameuficha mkono wa kushoto, msimwite daktari. Geukeni nyuma yenu, huenda nimekuja kutembea.